Barua Mbili za Motokaa: Moja ni ya Mwenyewe, Moja ni ya Fundi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Wengi wetu siku hizi twanunua motokaa kwa akiba ya ushirika, nazo nyingi zimekwisha kutumika Japani. Kwa hiyo yatupasa kujua tofauti ya barua mbili ambazo watu huzichanganya.

Sisi wa reli twaelewa upesi. Behewa lenye ubovu wa hatari hubandikwa kadi na kuondolewa njiani mpaka litengenezwe. Lakini iko na barua ya karakana, imwambiayo fundi tu: ukiona ubovu wa namna hii, tengeneza hivi.

Katika motokaa, barua ya kwanza ni wito wa kurudisha. Hutolewa kwa ubovu wa hatari, kama vile breki au usukani. Huko Marekani sheria ya mwaka 1966 iliwalazimisha watengenezaji kumjulisha mwenye gari, na tangu 1974 yawapasa kulitengeneza bila malipo. Hata ukiwa umelinunua kwa mtu mwingine, haki hiyo ni yako, mradi gari halijapita miaka 15 tangu kuuzwa mara ya kwanza.

Barua ya pili ni ya ufundi. Kampuni huwapelekea mafundi wa mawakala wake, kwa mambo kama kelele, maji kuvuja, au gia kuwa nzito. Mwenye gari haandikiwi. Na muda wa dhamana ukiisha, gharama ni yake.

Ndugu, hatari ni pale jambo la barua ya kwanza linapowekwa katika ya pili. Kampuni ya General Motors ilikuwa na swichi ya ufunguo iliyolegea katika magari kama Chevrolet Cobalt. Ufunguo ukirudi nyuma gari likiwa mwendoni, injini huzimika, usukani huwa mzito, na mifuko ya hewa haifumuki. Desemba 2005 kampuni iliwaandikia mafundi wawaambie wateja wapunguze vitu vizito katika mnyororo wa funguo. Wito wa kurudisha ulitoka Februari 2014, na magari yakafika milioni 2.6. Mfuko wa fidia wa kampuni ulikubali madai ya vifo 124.

Basi tufanyeje sisi? Barua ya wito humfuata mwenye gari aliyeandikwa kule lilikouzwa. Haivuki bahari pamoja na gari. Kwa hiyo tuandike namba ya chesisi, twende nayo kwa wakala wa kampuni, au tuitazame katika ukurasa wa kampuni kwenye intaneti. Tuulize mawili. Je, gari hili limeitwa, na limekwisha tengenezwa? Na je, iko barua ya ufundi juu ya ubovu huu? Fundi akijua barua hiyo, hatabahatisha kwa fedha zetu.

Tena, tusinyamaze. Serikali ya Marekani hupokea malalamiko ya wenye magari na kuyakusanya, na mengi yakifanana hufanya uchunguzi. Lalamiko la mmoja huitwa kelele. Ya wengi huwa ushahidi. Twaomba tawi lifungue daftari: aina ya gari, mwaka, ubovu, na siku ulipoonekana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.