Umeme na Mapigo ya Moyo

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Ilikuwa umeme, tangu nilipotoka hapa hadi nilipostaafu. Lakini leo nitaziacha nguzo na transfoma, nizungumze juu ya moyo.

Mwaka 1984 mwenzangu, fundi hodari kuliko mimi, aligusa waya tulioambiwa umekwisha kuzimwa. Hakuungua. Alama kidoleni ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Tulimshusha, tukamlaza kivulini, tukampepea. Mmoja wetu akammwagia maji. Gari lilipofika tulikuwa tumekwisha kuvua kofia. Kwa miaka mingi nilijiuliza: mtu asiyeungua wala kuvunjika mfupa ameuawa na nini?

Jibu lilikuwa limepatikana Geneva mwaka 1899. Mabwana Prevost na Batelli walikuwa wakipitisha umeme katika mioyo ya mbwa. Waliona kwamba umeme kidogo huuvuruga moyo: badala ya kupiga kwa pamoja, kila uzi wa msuli hutetemeka kivyake, moyo hupapatika kama kuku aliyechinjwa, na damu haiendi popote. Kisha wakaona jambo la ajabu zaidi. Pigo kubwa la umeme liliweza kuukomesha mpapatiko huo. Msuli wote hukazwa mara moja, hutulia, na moyo hupata nafasi ya kuanza upya kwa mdundo wake. Ni kama mwalimu aingiapo darasani penye makelele akapiga meza kwa kishindo. Nyote mnajua kinachofuata. (Kwa hiyo msidanganywe na sinema: pigo hilo haliwashi moyo uliozimika kabisa, hutuliza ule unaopapatika.)

Uvumbuzi huo ulikaa karibu nusu karne bila kumponya mtu. Mwaka 1947, huko Cleveland, Marekani, daktari Claude Beck alikuwa akimpasua kijana wa miaka 14, rika la kidato cha kwanza, moyo ukamharibikia. Alikifungua kifua tena, akaukamua moyo kwa mkono zaidi ya nusu saa, kisha akaushtua kwa umeme. Kijana akapona. Mwaka 1956 Paul Zoll wa Boston akafaulu bila kupasua kifua.

Lakini ninayempenda mimi katika habari hii si daktari. Ni mhandisi wa umeme, William Kouwenhoven wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Aliingia katika uchunguzi huu miaka ya 1920 kwa sababu mafundi wa makampuni ya umeme walikuwa wakifa kazini. Mwaka 1958 kijana aliyefanya kazi naye, Guy Knickerbocker, alikuwa akikandamiza vibao vizito vya umeme juu ya kifua cha mbwa. Kabla pigo lolote halijatolewa, aliona shinikizo la damu limepanda. Ule mkandamizo wenyewe ulikuwa umeisukuma damu! Angeweza kulipuuza jambo lile, hakulipuuza. Pamoja na mpasuaji James Jude, walitangaza mwaka 1960 kwamba kwa kukandamiza kifua kwa mikono mitupu, 14 kati ya wagonjwa 20 walipona. Mwaka 1969 chuo kilimpa mhandisi wetu shahada ya heshima ya udaktari wa tiba.

Mikono haiutulizi mpapatiko. Hupeleka damu kwenye ubongo mpaka mashine ifike. Sisemi mwenzangu angepona, maana mashine ilikuwa mbali. Lakini habari hizi zilikuwa zimechapishwa miaka 24 kabla ya siku ile, nasi tulikuwa watu sita chini ya nguzo, mikono kumi na miwili, tukipepea.

Vijana, kwanza kateni umeme. Msimguse mtu aliyenaswa na waya. Akiwa hana fahamu na hapumui sawasawa, mmoja akaite msaada, mwingine aweke viganja katikati ya kifua, akandamize sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akichoka, apokewe. Nimekuja na mwanasesere wa mazoezi. Baada ya chai nitakuwa nje, kivulini. Kidato cha tatu waanze, na wazee wenzangu msijifiche.