Tulipokwenda Loliondo: Juu ya Kuyapima Mafundisho kwa Heshima



Nimepewa dakika chache niseme juu ya mafundisho potofu yaliyousumbua usharika wetu katika miaka hii mia moja. Wengi mnatazamia niyataje makanisa ya maturubai yanayokesha na vipaza sauti huku kwetu Mbagala, au nikumbushe msiba wa Moshi wa tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipokufa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hayo ni rahisi kuyasema, maana ni ya nyumba ya jirani. Mimi nitasema ya nyumba yetu.

Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alitangaza kwamba Mungu amemwonyesha ndotoni mti wa mugariga: mizizi yake ichemshwe, mgonjwa anywe kikombe kimoja kwa shilingi 500, naye atapona kisukari, saratani, hata UKIMWI. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Viongozi wakubwa wakanywa. Wagonjwa wengine wakafia njiani. Wataalamu wa Serikali waliposema dawa ile haina sumu, sisi tulisikia kwamba inaponya.

Usharika wetu ulikodi Kosta. Aliyeandika majina daftarini na kupokea nauli ni mimi.

Jumapili kabla ya safari, mama mmoja muuguzi, mzee wa kanisa mwenzangu, alinifuata nyumbani baada ya ibada. Hakunisema mbele ya watu. Wala hakumwita Babu tapeli; alisema ni mtumishi aliyezeeka madhabahuni, na huenda anaiamini ndoto yake kwa moyo wote. Kisha akafungua Matendo 17, habari za watu wa Beroya waliompokea Paulo kwa moyo, lakini wakayachunguza Maandiko kila siku.

"Mzee," akaniuliza, "ikiwa Mtume alichunguzwa, mchungaji wetu asichunguzwe? Imeandikwa wapi kwamba kikombe hakiponyi mpaka kitoke mkononi mwa mtu mmoja? Na hawa uliowaandika, nani atawaambia wasiache dawa za hospitali?"

Nilimjibu kwamba amepungukiwa imani. Akamaliza chai yake, akaniaga kwa amani. Siku zilizofuata alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi wasafiri waendelee na dawa zao. Baadhi walimsikia.

Dada mmoja hakusikia. Aliporudi aliacha sindano za insulini, akisema kuchoma tena ni kumwonea Mungu shaka. Kabla ya Krismasi tulimzika. Mumewe hakunilaumu. Aliniuliza tu, tukiwa bado makaburini, kama siku ile nilipopokea nauli nilikuwa na hakika.

Katika Katekisimu Ndogo tulifundishwa kwamba amri ya nane inatutaka tumtetee jirani na kuyatafsiri mambo yake kwa wema. Nilidhani maana yake ni kunyamaza. Yule muuguzi alimkinga mzee wetu na matusi, na papo hapo akalipinga fundisho lake. Ndivyo Prisila na Akila walivyomchukua Apolo kando wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Apolo alikubali, mimi nilikataa.

Babu alifariki tarehe 30 Julai 2021. Nilisikia humu humu mjini watu waliosukumana kukipata kikombe chake wakimkejeli, tena kwa sauti. Sijui walikuwa wapi mwaka 2011 maneno yao yalipohitajika.

Daftari lile ninalo hapa, lina majina 27. Namwomba Mchungaji Kiongozi alipokee na kuliweka kabatini, pamoja na vitabu vya ubatizo na vya maziko.