Waliohesabu Wanyama



Ukingoni mwa Ngorongoro nimepata kusimama penye kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani. Mwaka 1958 yeye na baba yake, Bernhard, walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tumbusi, Michael akafa. Umri wake miaka 24. Baba akaimaliza filamu yao, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Bernhard alifariki mwaka 1987. Majivu yake yakazikwa hapo hapo.

Lakini mwaka ule wa 1959 Wamasai nao walitolewa Serengeti. Vijana, hesabuni wanyama, ila msiache kuhesabu watu.