TUTEMBEE NA WAZEE WETU
(Maneno ya familia za Gatsata, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Sisi ni familia chache tunaoishi Gatsata, jijini Kigali. Wengi wenu mnatufahamu tangu Gihembe, kabla kambi ile haijafungwa mwaka 2021. Tunaomba kusema juu ya wazee wanaopoteza kumbukumbu.

Mzee wetu mmoja alitoka nyumbani alfajiri bila kuaga. Tulimtafuta kutwa. Tulimkuta ng'ambo, kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo, ameshika mfuko wake, anauliza gari la kwenda Masisi. Ilituuma, maana hata sisi tungelipanda gari hilo.

Tangu siku ile tulimfungia ndani kwa kufuli, na tukajiona tumemlinda. Baada ya miezi mitatu hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa. Usiku alikuwa halali, anagonga mlango. Majirani wakaanza kunong'ona habari za uchawi.

Ndugu zetu, huu ni ugonjwa. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti waliwapima wazee wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi, wakaona karibu 6 katika kila 100 wanao. Je, wote hao wamerogwa?

Kijana wetu anayesomea uuguzi alitusomea utafiti juu ya kutembea. Huko Marekani, mwaka 2011, ilitangazwa kwamba wazee 120, ambao walikuwa bado hawana ugonjwa huu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kwao kwa asilimia 2 hivi. Kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu ilipungua. Huko Vancouver, Kanada, watu 70 ambao kumbukumbu zao zilikwisha kuharibika kwa sababu ya mishipa midogo ya damu ya ubongo walifuatiliwa. Waliotembea kwa miezi sita walipata nafuu kidogo. Miezi sita baada ya mazoezi kwisha, nafuu ile haikuonekana tena.

Tusidanganyane. Uingereza, mwaka 2018, wagonjwa 494 walihusika katika utafiti wa mazoezi mazito ya baiskeli na kunyanyua vyuma. Miili yao ilipata nguvu, lakini akili haikurudi. Kwa hiyo anayewauzia dawa ya kurudisha kumbukumbu, mwacheni apite na chupa zake.

Basi tulifungua kufuli. Gatsata ni mlima, na barabara ya chini ina malori ya Gatuna na pikipiki zisizomngoja mtu. Tunatoka mapema, wawili wawili, kijana upande wa barabara, mzee upande wa ndani. Tulianza na dakika kumi. Jumapili ambazo jiji linafunga baadhi ya barabara kwa magari, jambo lililoanza mwaka 2016, tunakwenda mbali zaidi. Mzee bado anatuuliza sisi ni watoto wa nani. Lakini anainuka mwenyewe, na usiku analala, nasi tunalala. Njiani anasimulia ng'ombe wa Masisi, jina kwa jina, na hapo hakosei.

Ninyi wa kambini mna magari machache kuliko sisi, na vijana hamkukosa. Mwenye kifua, presha au miguu iliyovimba apite kwanza kwa muuguzi. Kwa ndugu wa mashirika tuna maombi mawili: viatu vilivyofungwa kwa wazee, maana ndapa huwaangusha, na mabenchi mawili matatu njiani. Na mnapoandikisha wazee, waulizeni pia watu wa nyumbani kama mzee husahau, kwa sababu mwenyewe atawajibu kwamba hajambo.

Mwenye mzee wa namna hii atuone baada ya ngoma, tupange nani atembee na nani kuanzia kesho asubuhi.