Muuguzi Naye Ana Mwili: Kujitunza na Kutulia Ndani ya Zamu

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wauguzi na wakunga wa wodi za wazazi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuutunza mwili na akili kila siku. Mada hii mmeshaletewa mara nyingi ikiwa na ushauri mzuri usiotekelezeka: amka alfajiri, fanya mazoezi saa nzima, keti mahali penye ukimya, kunywa juisi ya matunda. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, akapanda daladala mbili, akakuta nyumbani mtoto ana homa na maji yamekatika, ataupokea ushauri huo kwa adabu na kuuacha papa hapa ukumbini. Mimi nitabaki na yale yanayowezekana wodini na nyumbani kwetu. Hoja yangu ni moja: kujitunza kunakobebeshwa juu ya kazi hakudumu, kwa sababu huwa kazi nyingine. Kunakodumu ni kule tunakokushikiza kwenye mambo tunayoyafanya tayari.

Kwanza, tunapambana na nini

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lilieleza hali ya kuchakaa kwa mtu kutokana na kazi. Halikuiita ugonjwa. Liliiita hali inayoletwa na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimoyo na kazi yenyewe, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija tena.

Ya kwanza kila mtu huiona. Ya pili ndiyo inayoniogopesha, kwa sababu huja polepole na kuonekana kama ukali wa kawaida. Mama anaacha kuwa na jina, anakuwa "yule wa kitanda namba nne". Ndugu wa mgonjwa anauliza swali, nasi tunamjibu bila kuinua macho kwenye faili. Mama aliye kwenye uchungu analia, nasi tunamwambia anyamaze. Jamii inatulaumu kwa lugha mbaya, na mara nyingi inatulaumu kwa haki. Lakini kumfundisha muuguzi lugha nzuri bila kugusa uchovu ulioizaa lugha mbaya hakutatufikisha mbali. Madaktari wenzetu walilitambua hili mwaka 2017, pale Azimio la Geneva, ambalo ndilo kiapo chao, liliporekebishwa na kuongezewa ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma ya kiwango cha juu. Kwetu pia kujitunza ni sehemu ya huduma kwa mama na mtoto wake.

Sinki la kunawia mikono

Nianze na jambo dogo kuliko yote, na ndilo ninaloliamini zaidi.

Kunawa mikono kwa maji na sabuni, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, huchukua sekunde 40 hadi 60. Tunanawa kabla ya kumgusa mgonjwa, baada ya kumgusa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Ndani ya zamu moja tunasimama kwenye sinki mara nyingi sana, na karibu kila mara mikono iko pale huku akili imeshatangulia kitanda kinachofuata.

Sasa fanyeni hivi. Unapofungua bomba, zihisi nyayo zako zikigusa sakafu. Shusha mabega, utashangaa yalikuwa yamepanda kiasi gani. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, kisha itoe taratibu ukihesabu moja hadi sita. Hizo ni kama sekunde kumi. Kabla hujamaliza kunawa utakuwa umevuta pumzi nne hadi sita za namna hiyo. Wakati huo usikilize ubaridi wa maji na utelezi wa sabuni kati ya vidole. Mawazo yatakimbilia kwenye dripu inayokaribia kuisha. Yakikimbia, usiyagombeze, rudi kwenye maji. Yakikimbia tena, rudi tena. Kule kurudi ndiko kutafakari kwenyewe. Anayedhani anashindwa kwa sababu mawazo yanakimbia hajashindwa, kwa kuwa mawazo ya kila mtu hukimbia.

Kwa nini pumzi ya kutoa iwe ndefu? Tunapovuta pumzi mapigo ya moyo huongezeka kidogo, na tunapoitoa hupungua. Hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni na kuuambia moyo upunguze kasi. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishuka hadi kama mara sita, mwili huanza kutoka kwenye hali ya tahadhari. Hamhitaji kuamini chochote ili jambo hili lifanye kazi. Ni fiziolojia ile ile tuliyoisoma chuoni.

Yupo mkunga mmoja niliyefanya naye kazi leba. Kabla ya kuingia kwa mama yeyote, aliweka kiganja kwenye pazia la kitanda, akatoa pumzi moja ndefu, ndipo akalivuta pazia na kumwita mama kwa jina. Haikufika hata sekunde tano. Akina mama walimtafuta kwa macho kila alipoingia zamu.

Niweke mpaka hapa. Mama akitokwa damu nyingi, hakuna anayesimama kuhesabu pumzi. Tunakimbia. Pumzi ni ya baadaye, damu ikishasimama na mikono imeanza kutetemeka.

Je, si mambo ya dini za wengine?

Swali hili huulizwa kila semina, mara nyingi kwa sauti ya chini wakati wa chai, na linastahili jibu la heshima. Wapo wenzetu wanaoogopa kwamba kutafakari ni kuingizwa katika ibada wasiyoijua. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, waliowapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini, na pia wakirudia maneno ya kiyoga. Njia zote mbili ziliteremsha upumuaji hadi karibu mara sita kwa dakika, na zote mbili zilisaidia mwitikio wa moyo na mishipa ya damu. Utafiti ule haukupima dhikri, lakini Mwislamu anayesoma tasbihi baada ya swala, 33 kwa 33, bila pupa, tayari ana vituo vya utulivu ndani ya siku yake. Kadhalika Mkristo mwenye rozari au anayerudia mstari mmoja wa Zaburi kimoyomoyo. Itumieni ibada mliyo nayo. Kinachoharibu faida yake ni haraka.

Kwa upande wa pili, tusiitilie chumvi. Tangu Herbert Benson alipoandika juu ya mwitikio wa utulivu mwaka 1975, na Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya kutafakari hospitalini huko Massachusetts mwaka 1979, tafiti zimekuwa nyingi. Mwaka 2014 majaribio 47 yaliyohusisha watu zaidi ya 3,500 yalipitiwa kwa pamoja. Ilionekana kwamba kutafakari kunapunguza kwa kiasi wasiwasi, huzuni na maumivu, lakini hakukuonekana kuzidi mazoezi ya viungo au dawa. Hiyo ni faida ya kutosha kwa kitu kisicho na gharama. Si muujiza, na atakayewauzia kama muujiza msimsikilize.

Wala kutafakari hakuhitaji chumba chenye zulia. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake kutoka Sudan Kusini walifundishwa kujitunza namna hii katika vikao vitano vya makundi, kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, wakiongozwa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika The Lancet Global Health: msongo wao ulipungua, ingawa nafuu ilikuwa ndogo zaidi baada ya miezi mitatu kuliko mara tu baada ya vikao. Wamefaidika watu waliopoteza nyumba na ndugu. Nasi tujaribu.

Mgongo, miguu na kibofu

Tukiyasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa fetoskopu kila nusu saa, dakika nzima kila mara, kwa akina mama watatu au wanne, tunainama mara nyingi mno. Usikunje kiuno. Tanguliza mguu mmoja, kunja magoti, na kama kitanda kinapandishwa, kipandishe. Hakuna mama aliyewahi kukataa kusubiri kitanda kipande. Unaposimama kujaza faili, inuka kwa vidole vya miguu na ushuke taratibu mara kumi. Misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu, na ukisimama bila kuitumia miguu huvimba. Ukifika nyumbani, lala chali uegemeze miguu ukutani kwa dakika kumi.

Kunywa maji na nenda chooni. Nasikia aibu kulisema hili mbele ya wataalamu, lakini tunawafundisha wajawazito hatari ya kubana mkojo huku sisi wenyewe tukiubana tangu kukabidhiana zamu. Na usifanye kazi usiku kucha kwa chai ya rangi na andazi moja. Kula chakula chako kamili kabla ya kuingia, kisha beba ndizi, karanga au muhogo wa kuchemsha.

Usingizi wa mchana

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapoumia. Mwaka 2007 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, iliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanachangia saratani, na ikalithibitisha hilo tena mwaka 2019. Sisemi haya ili kuwatisha. Nasema ili mtu yeyote nyumbani asikuite mvivu ukilala saa nne asubuhi.

Kahawa ya saa kumi alfajiri, nusu ya kafeini yake kwa kawaida bado imo mwilini saa tatu asubuhi. Kwa hiyo kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa nane usiku. Mwanga wa asubuhi huuambia mwili kwamba siku imeanza. Vaa kofia au miwani myeusi njiani kurudi, ning'iniza kitenge kizito dirishani, zima simu. Kisha ongea na familia, na ongea siku ambayo hujachoka. Mwambie mume au mke, mama mkwe, dada wa kazi na jirani kwamba baada ya zamu ya usiku hugongewi mlango hadi saa nane mchana, isipokuwa kwa jambo zito. Ukipata hata usingizi wa saa moja na nusu jioni kabla ya kuingia zamu, usiuache.

Ukilala na akili ikawa bado iko wodini, kaza misuli ya nyayo kwa sekunde tano kisha uilegeze, panda hivyo hadi mapaja, tumbo, viganja, mabega na taya. Njia hii ni ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson, ni ya karne iliyopita, na bado inafaa.

Siku tuliyompoteza mama

Yapo ambayo pumzi haitoshi. Tukimpoteza mama au mtoto, hufanyika kikao cha kukijadili kifo, na lazima kifanyike. Lakini kikao kile huuliza nini kilitokea. Hakimuulizi mkunga yu hali gani. Naomba kabla hatujatoka zamu siku hiyo tukae dakika kumi wale tuliokuwepo, bila faili na bila kutafuta mkosaji, kila mmoja aseme lililomkaa moyoni au anyamaze akitaka. Asiachwe mtu arudi nyumbani peke yake. Ambaye akifumba macho anaiona picha ile ile, asilazimishwe kutafakari akiwa amefumba. Ayaache wazi na akitazame kitu kilicho mbele yake. Na ambaye huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya kila kitu kumepita wiki mbili, au anayewaza kujidhuru hata mara moja, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili, kama ambavyo tungempeleka mgonjwa yeyote.

Kwa wauguzi wafawidhi na matroni

Haya yote ni ya muuguzi mwenyewe. Lakini hakuna pumzi inayoziba pengo la watumishi, na si haki kumwambia mtu atulie huku tukimnyima saa ya kula. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Inaruhusu afanye kazi wakati wa mapumziko ikiwa tu kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mwangalizi wala kufanywa na mwingine. Tunajua leba haiachwi. Ndiyo maana wa kumpokea lazima ajulikane mapema.

Kwa hiyo nawaomba: mtakapopanga ratiba ya zamu ya mwezi ujao, mbele ya jina la kila muuguzi andikeni saa yake ya kupumzika na jina la atakayemshikia.