Mlanguzi na Mama wa Sabuni



Nimetakiwa nizungumzie ulanguzi wa msaada wa chakula nchini Marekani. Neno ulanguzi halihitaji ufafanuzi mbele ya wazee wanaoukumbuka msako wa mwaka 1983 hapa kwetu.

Sheria ya Stempu za Chakula ilitiwa saini na Rais Johnson mwaka 1964. Stempu za karatasi zimekwisha. Leo mnyonge hupewa kadi. Kadi hiyo hununua chakula tu. Hainunui sabuni wala dawa, wala hailipi kodi ya nyumba. Hapo ndipo mwenye duka mwovu anapojipenyeza. Hupitisha kadi katika mashine kana kwamba ameuza unga na maziwa ya dola 100, kisha humpa mama wa watu dola 50 taslimu. Serikali humlipa yeye zote 100.

Adhabu hupimwa kwa thamani. Chini ya dola 100, kifungo hakizidi mwaka mmoja. Kuanzia 100, chaweza kufika miaka mitano. Kuanzia 5,000, miaka 20 na faini ya hadi dola 250,000. Kwa mlanguzi huyo sina huruma. Lakini sheria hiyo hiyo humnasa na mama. Akipatikana na hatia ya kuuza msaada wa dola 500 au zaidi, mbali na kifungo, hunyimwa msaada huo maisha. Mwenye duka akinyang'anywa kibali cha kupokea kadi, bado ataweza kuuza nguo. Mama yule atauza nini?