Nambari Yako Ilikuwa ya Nani?

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru)

Leo sitaongea juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Nataka tuongee juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linavuruga nyumba: simu zinazoingia kwako zikimtafuta mtu aliyekuwa na nambari hiyo kabla yako.

Nianze na mama mmoja wa Kiandutu. Alinunua laini mpya ili wateja wake wa mboga wampate. Hata wiki haikuisha, mwanamume akapiga saa nne usiku: "Mbona umenitoroka?" Kesho yake mtu mwingine akadai deni. Mama akizima simu, ujumbe unaingia. Bwana yake akauliza maswali, halafu akaacha kuuliza. Hapo ndipo mambo yaliharibika kabisa, kwa maana nyumba ilinyamaza siku nne. Mama alikuja kwangu akilia: "Dada, huyo mtu hata simjui!"

Tuliketi sote watatu. Tukampigia yule mtu wa usiku, simu ikiwa kwa spika, na bwana mwenyewe ndiye aliyeongea. Kumbe yule mtu alikuwa akimtafuta mchumba wake wa zamani. Akaona haya, akaomba msamaha. Haikuchukua dakika mbili, na watu wale wawili walitoka wakiongea.

Sasa, mambo haya hutoka wapi? Zamani, wakati wa Posta na Simu, nambari ilikuwa ya nyumba au ofisi. Siku hizi nambari inatembea na mtu, lakini bado si mali yake. Laini ikikaa miezi mingi bila kutumiwa, kampuni huifunga, na baadaye nambari ile huuzwa kwa mtu mwingine. Nambari zina mwisho. Ndiyo sababu mwaka 2019 tuliona zinazoanza na 01 zikiongezwa juu ya zile za 07. Basi mtu akifa, akisafiri au akipoteza simu, nambari yake inaweza kurudi dukani. Lakini wale waliomjua hawana habari.

Ikikupata, fanya hivi.

Kwanza, usifiche. Mwambie bwana au bibi yako siku ile ile. Simu ya kwanza ni makosa tu. Ya kumi iliyofichwa inakuwa kesi.

Pili, jibu kwa upole na kwa ufupi: "Nambari hii sasa ni yangu. Huyo unayemtaka simjui. Tafadhali ifute." Usitaje jina lako, kijiji chako wala nambari ya kitambulisho. Anayepiga pengine ni mama anayemtafuta mtoto wake, kwa hiyo usimtukane. Lakini ukishamwambia mara mbili na haachi, ifungie nambari yake bila kuona haya.

Tatu, kuhusu madeni. Deni la mtu halihami na nambari yake. Usilipe hata shilingi moja ili wakuache. Tangu Machi 2022, kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinawakataza wakopeshaji wa simu kutumia vitisho na matusi. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayokupa haki ya kudai habari zako zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Waandikie ujumbe wa kuwakataza, uuweke. Wakiendelea, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi hiyo ina meno. Mwaka 2023 iliitoza kampuni ya mikopo iitwayo Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu zilizotolewa na wengine, na kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Nne, pesa zikiingia kwa makosa, usizile, wala usikimbilie kuzirudisha. Angalia salio lako kwanza, kwa maana matapeli hutuma ujumbe wa uongo. Kama pesa zimeingia kweli, mwambie aliyetuma aombe kampuni izirudishe. Kwa M-Pesa, yeye hupeleka ule ujumbe wa kutuma kwa 456. Na ukipokea nambari za siri za benki ya mtu usiyemjua, hizo si zako. Zifute.

Ndugu zangu, mpaka hapa tumeongea kama watu wanaosumbuliwa. Sasa niseme juu ya sisi tunaosumbua, na nianze na mimi mwenyewe.

Miaka iliyopita niliacha laini yangu ya zamani. Jamaa zangu niliwaambia wote. Lakini katika daftari la kikundi kimoja cha Ruiru, nambari ile ilibaki. Mjane mmoja alikuwa akinitafuta kwa ajili ya fomu ya basari ya mtoto wake. Akapiga, akapiga tena. Mtu aliyepewa nambari ile alimwambia mara ya kwanza kwamba amekosea. Mwishowe alichoka, akamfungia. Yule mama akadhani ni mimi nimemkataa. Tarehe ya fomu ikapita, na mtoto akakaa nyumbani muhula mzima. Yule aliyemfungia hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Nilikwenda kumwomba radhi, lakini radhi hailipi karo.

Kwa hiyo, kabla ya kuacha laini, waambie watu, na uitoe nambari hiyo benki, shuleni, SHA na kwenye chama. Piga *106# uone laini zilizoandikwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, peleka habari kwa kampuni. Na mwanachama akifariki, kikundi kiwakumbushe jamaa kuishughulikia laini yake mapema. Marafiki wasije wakaendelea kupiga simu ya marehemu, ikajibiwa na mgeni.

Makatibu, nawaomba kitu kimoja. Kila miezi mitatu, fungueni daftari mbele ya kikundi, mwite kila jina, na mpige kila nambari pale pale. Isiyolia mfukoni mwa mwenyewe, ikatwe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni nani kati yetu amebadilisha nambari, na nani bado hajaambiwa?

2. Nambari ya mweka hazina wetu ikipotea leo, michango itakwenda kwa nani?

3. Je, yuko mtu tuliyesema ametukataa, kumbe hatukumpata tu?